Mifuko Yote kwa Lori Moja

4 Februari

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo uliyenikimbia ukaolewa na nyaya,

Pokea salamu nyingi, ukizidiwa wagawie wenzako hapo kazini. Huku hatujambo. Goti la kushoto limegoma tangu mwezi uliopita, la kulia linaendelea na kazi kwa kuona haya tu. Mama yako amepaka sebule rangi ya kijani, na nikikaa pale najiona kama mdudu juu ya jani. Yule fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele anakusalimu. Bado anashona suruali zenye mguu mmoja mrefu, na bado anasema kosa ni la miguu ya wateja.

Sasa sikiliza. Ulipokuja mwaka jana uliniwekea kwenye simu ile programu ya Dirisha, iliyotengenezwa na wale viziwi wanne, ili mimi na dada yangu tuonane. Nilikucheka. Nilisema unamnunulia mzee kichezeo. Leo nafuta kicheko.

Unajua bibi yako huyo hajawahi kusikia hata mlango ukibamizwa. Shule hakupelekwa, maana zamani zile shule ya watu kama yeye haikuwepo. Lugha yetu ya mikono aliitunga mama yetu jikoni, neno moja moja kadiri alivyolihitaji: maji, njoo, acha, panya, baba amekasirika. Wote waliokuwa wakiijua wamekufa. Tumebaki wasemaji wawili dunia nzima, na mmoja wao ndiye huyu anayekuandikia huku akikuna goti. Tangu magoti yangu na nyonga yake vikatae safari ya basi ya siku mbili, ilipita miaka kumi na moja lugha hiyo imelala.

Basi siku ya kwanza mikono yake ilipotokea kwenye kioo, nilisimama. Mtu mzima nimesimama mbele ya simu kama nimeitwa na hakimu! Kile kidole chake cha shahada alichokibana mlangoni utotoni kilikuwa kimepinda vile vile. Kimekata safari ya siku mbili kwa kufumba na kufumbua, wala hakikunyooka njiani. Nimepanga barua posta miaka thelathini na moja, najua vitu vinavyofika vimekunjamana, vimelowa, vimetafunwa na panya. Hiki kilifika kizima. Nilikaa na mshangao wangu hadi chai ikapoa.

Mama alimpa kila mtu jina. La kwangu ni kujivuta sikio, kwa sababu unazozijua ukinitazama. Siku hizi dada halitumii. Ananinyooshea kidole tu, kama mtu anayechagua viazi. Hilo tuliache.

Lililonifanya niandike ni hili: tangu wiki mbili zilizopita mikono yake inaganda. Anaanza neno, anafika katikati, anakuwa sanamu. Jumamosi alikwama kati ya "maji" na "lala", na mpaka leo sijui kama aliniambia anaoga au anaumwa. Na wakati huo huo, chumba cha mbele, fundi wetu anatazama sinema kwa laini ya kampuni yenu hiyo hiyo, magari yanaruka mitoni bila hata kujikwaa. Wewe ndiye mtu wetu ndani ya kampuni. Hebu niulizie, nani ameushika mkono wa dada yangu?

Ni mimi babu yako, mume uliyemwacha.

26 Februari

Babu, shikamoo,

Mume wangu wa magoti mawili, moja gonjwa, nimekusoma nikacheka peke yangu mpaka jirani wa mezani akaniuliza kama ni barua ya mchumba. Nikamwambia ndiyo, ana miaka sabini na tisa. Mimi ni mzima. Nimehamishiwa ghorofa ya tatu, kuna dirisha kubwa linaloangalia paa la stoo, na kiti kinazunguka. Goti umelikanda na maji ya moto? Mwambie mama rangi ile ya kijani nilimchagulia mimi, asikusikilize.

Umeshangaa mikono inafikaje. Ngoja nikueleze, maana hata mimi niliyeisomea bado inanishangaza. Bibi akiinua mkono, simu yake inaikata picha ile vipande maelfu. Kila kipande kinaandikwa kinakotoka na kinakokwenda, kisha kinaachiwa. Havishikani mikono. Kimoja kitapita chini ya bahari, kingine kitapita juu ya milima, na cha tatu kitaingia mji ambao wewe na yeye hamjawahi kuusikia. Kila njia panda kuna mashine inayosoma anwani tu na kusema, "Pita huku." Vinafika kwako vimechanganyika, na simu yako inavipanga kabla hujapepesa jicho. Halafu unaona kidole kilichopinda. Babu, kila mara bibi anapokusalimu, dunia nzima inapisha.

Kuhusu kuganda, huenda simu ni ya zamani. Izime, uiwashe tena. Na goti usilikalie sana, tembea tembea. Nitatuma dawa ya kuchua goti.

Mjukuu wako.

15 Machi

Fundi wangu wa nyaya,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika, inanuka kama kiatu, kwa hiyo nadhani inafanya kazi. Mama yako ameanza kwaya na anafanyia mazoezi jikoni. Fundi cherehani amepata oda ya sare za shule, na wanafunzi watajua wenyewe.

Nimesoma habari ya vipande mara sita. Nikamsomea fundi, akaweka mkasi chini. Chini ya bahari! Yaani kidole gumba cha dada yangu kinapita kwa samaki, shahada inapita milimani, halafu vinakutana kwenye kiganja changu bila kupotezana? Posta tulikuwa na ukuta wa visanduku mia mbili na arobaini, kila kisanduku mji mmoja. Nilikuwa nikisimama mbele yake asubuhi, mifuko imemwagwa mezani, nikiona ninaishika nchi yote kwa mikono miwili. Nilijiona mkubwa. Kumbe nilikuwa nacheza mchanga. Ila nikwambie kitu: mashine yako ile ya njia panda, inayosoma anwani tu na kusema pita huku, hiyo naijua. Hiyo ni mimi.

Sasa tuje kwenye uongo wako. Nimeizima simu, nimeiwasha, nimeipuliza, nimeipiga kofi kama redio. Dada bado anaganda. Nikamwomba fundi, tukabadilishana simu. Kwa simu yangu ya zamani sinema yake inateleza. Kwa simu yake mpya dada yangu ni sanamu. Na barua yako imeuliza goti mara tatu. Mtu anayeuliza goti mara tatu katika karatasi moja ana jambo lingine mguuni mwake.

Sikutaka kukusumbua, ila itabidi. Macho ya dada yanafifia. Daktari anasema kabla mwaka haujaisha hataweza kuona mikono kwenye kioo kidogo. Kuandika hajui, kusikia hasikii. Macho yakifunga, lugha ya mama yetu imekwisha, na mimi kuna neno sijamwambia. Lina miaka hamsini. Linataka mikono yote miwili, lisikatike katikati. Usiniulize ni neno gani.

Babu.

20 Aprili

Babu yangu mpendwa, shikamoo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne. Huku mvua zimekuwa nyingi, na mwenzangu wa mezani ameoa, tulikwenda, tukacheza mpaka kiatu changu kikakatika. Mama ameniimbia kwenye simu. Nimemsifu.

Umenikamata. Simu yako haina kosa.

Kampuni yetu imekubaliana na kampuni chache kubwa, za sinema na mengine, kwamba vipande vyao vitatangulia. Vya wengine wote vinasubiri pembeni mpaka vile vipite. Dirisha ni la watu wanne na kompyuta mbili, hawana cha kutoa ili watangulizwe, kwa hiyo wako nyuma. Ile mashine ya njia panda nilikuambia inasoma anwani tu. Siku hizi inatazama pia aliyetuma ni nani. Na babu, amri inayoifanya itazame niliiandika mimi. Mistari kumi na minne. Ndiyo sababu nilipandishwa ghorofa ya tatu.

Wakati naandika sikumwona bibi. Niliona namba tu.

Kuna watu wanapinga. Walimu, manesi, wenye magazeti madogo, na hao viziwi wanne wamo, wameziandikia kampuni zote za intaneti barua moja, wanataka kila moja itie sahihi ahadi: kwamba itabeba kila kipande sawa, haitachungulia kilichomo, haitamchelewesha mtu makusudi, wala haitamtanguliza mtu kwa kuwa ametoa zaidi. Mwisho wa Juni wakuu wetu watakaa kuamua. Wafanyakazi tunaruhusiwa kusema. Mimi naogopa, sikufichi. Kiti kinachozunguka ni kizuri.

Lakini naweza kufanya kitu kimoja leo hii. Naweza kuongeza mstari wa kumi na tano, wenye jina la Dirisha, nalo litangulie pamoja na wakubwa. Hakuna atakayejua. Wewe na bibi mtaonana kama zamani, na neno lako utalisema. Niambie ndiyo, babu. Jibu neno moja tu.

Mjukuu wako.

2 Mei

Mke wangu,

Marahaba. Ulitaka neno moja. Ni hapana. Ila sasa itabidi nikueleze, na mimi nikianza kueleza unanijua, kaa chini.

Lile neno ulilokatazwa kuliuliza, hili hapa. Sijamwambia mtu yeyote, hata marehemu bibi yako niliyemwambia mpaka ndoto zangu za ovyo.

Nilikuwa kijana, nimeajiriwa posta, masikio haya haya. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu mnene, mcheshi, anatoa jasho hata kivulini. Akaniambia, "Kijana, Jumatatu mifuko ikija, barua zangu zitoe kwanza. Nyingine si zipo tu? Haziozi." Akanivalisha saa ya mkononi, yenye sindano ya tatu ya sekunde. Sikuwahi kuvaa saa. Nilitembea na mkono mmoja umenyooka wiki nzima ili watu waone.

Basi kila Jumatatu nilikuwa napekua mifuko nitafute barua zake. Nikimaliza, siku imekwisha. Barua zote nilikuwa nimezigongea muhuri wa tarehe ya siku hiyo, ili mkuu wa kituo akipita aone kazi imefanyika. Kisha mifuko mingine naisukuma chini ya meza, mpaka Alhamisi. Mmoja ulikuwa umejaa vizuri, laini, nikawa nauwekea miguu.

Alhamisi nikaumwaga. Barua ya tatu ilikuwa na jina langu. Dada alimwendea mwenye duka, akamwonyesha kwa mikono mpaka yule akaelewa, akamwandikia: "Mama hali mbaya. Njoo." Nilisafiri siku mbili. Mama alikufa Jumatano usiku, wakamzika Ijumaa, mimi nikashuka kwenye basi Jumamosi. Kama ningeifungua Jumatatu ningemkuta anapumua. Siku tatu nzima nilikuwa nimeikanyaga kwa visigino.

Nikawaambia watu barua ilichelewa njiani. Wakanipa pole. Dada akaniomba bahasha. Hajui kusoma, ila namba za tarehe anazijua, na muhuri wa posta ni namba. Akautazama. Kisha akanishika mkono, akaitazama saa. Akanirudishia bahasha. Tangu siku hiyo hajajivuta sikio kuniita.

Kwa hiyo usiniongezee mstari. Nikitangulizwa mimi, atasukumwa nani chini ya meza? Humjui. Na mimi sikumjua aliyekuwa ndani ya mfuko wangu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba kutoka nje mifuko yote inafanana.

Wewe nenda kwenye hicho kikao. Kama sauti itakukatika, soma barua hii, nakuruhusu, ruka tu ile sehemu ya ndoto za ovyo. Na waambie wakuu wako kutoka kwangu: mabwana na mabibi, mmetengeneza kitu ambacho sisi wa posta tungekipigia magoti, wenye magoti. Mnakata mkono wa mtu vipande elfu, mnautupa duniani, unafika umekamilika. Sijaona cha kushangaza kuliko hicho tangu nizaliwe. Mkisema nyaya ni ghali, pandisheni stempu, tutanung'unika, tutabandika. Lakini ikishabandikwa, msiulize nani ametuma. Pakieni mifuko yote kwa lori moja. Kama hamtaki, basi jibuni swali moja tu la mzee: mnajua nani yumo kwenye mfuko mliouwekea miguu?

Saa ile bado ninayo. Inatembea vizuri sana, shetani yule.

Babu yako.

9 Julai

Babu, shikamoo,

Mama ameniambia goti limekubali kwenda hadi dukani na kurudi. Nimefurahi, na safari hii nauliza mara moja tu.

Kikao kilikuwa chumba kirefu chenye meza ya kioo, unaona viatu vya kila mtu. Nilipanga kusema mambo ya kitaalamu. Nikasimama, nikasema, "Amri hii niliiandika mimi," na sauti ikakatika hapo hapo kama ulivyoniombea. Basi nikafungua barua yako. Niliruka ndoto.

Nilipofika kwenye "nani yumo", nikaona kupitia kioo wakuu watatu wakirudisha miguu yao chini ya viti. Naapa.

Bwana wa mauzo akasema, "Kwa heshima zote, hiyo ni habari ya karatasi. Huku hakuna anayekufa, watu wanasubiri sekunde mbili." Kabla sijajibu, mama anayefanya usafi, aliyekuwa akikusanya vikombe, akaweka sinia chini. Akasema, "Samahani, wakubwa. Mwanangu yuko mbali, ana mtoto sijamshika. Nikimpigia wanionyeshe mtoto, kila akitaka kucheka anaganda. Mimi nikawa nalaani mvua. Kumbe ni nyinyi? Na chai nawaletea?"

Walibishana kwa saa tatu. Mkuu wa kampuni alikuwa anazungusha kalamu muda wote. Mwisho akauliza, "Huyo mzee bado ana saa?" Nikasema anayo. Akavuta karatasi ya ahadi, akatia sahihi.

Si kila kitu kimekuwa kizuri. Kampuni nyingine mbili kubwa zimekataa, na wale walimu na manesi bado wanazigongea mlango. Mimi nimerudishwa ghorofa ya chini, meza iko jirani na choo, na kiti hakizunguki. Ile mistari kumi na minne niliifuta kwa mkono wangu. Niliangalia ukurasa uliobaki mweupe, halafu nikaangalia vipande vikianza kupita, vya wakubwa na vya wadogo, havijulikani nani ni nani. Ilikuwa kama kutazama mvua ikinyesha juu ya mapaa yote. Nilisahau kwenda nyumbani.

Njia iko wazi, babu. Sasa ni zamu yako.

Mjukuu wako.

28 Julai

Mjukuu wangu wa jirani na choo,

Marahaba, tena marahaba mia. Mama yako ametolewa kwenye kwaya, anasema ni wivu. Fundi amenishonea suruali bure kwa heshima yako, na ajabu, miguu yake inalingana. Nimeanza kuogopa huenda yangu ndiyo hailingani.

Jumapili mchana nilinyoa ndevu, nikakaa sebuleni kwenye kijani, nikafungua Dirisha. Dada akatokea. Anasogeza uso karibu na kioo siku hizi, pua inafika kabla yake. Akaninyooshea kidole, kama kawaida. Nikamwonyesha saa. Kisha nikaivua, nikaiweka mezani, nikaanza.

Nikwambie ukweli, uwe wako na wangu: niliomba igande. Mwezi wa tatu nilikulalamikia weee, na Jumapili ile nilipofika kwenye mfuko na miguu, nilisema ndani ya moyo, mtandao, nisaidie, kata sasa. Haukukata. Mliufanyia kazi sana. Kila kidole kilipita, cha aibu na cha kawaida, kikaenda zake chini ya bahari kwa samaki, nami nakitazama kinakwenda, siwezi kukirudisha. Nikasema yote. Jumatatu. Alhamisi. Mama.

Dada hakutikisika. Mikono mapajani, macho kwangu. Dakika nzima. Nikasema, haya, imeganda, na sijui imekatia wapi, na itabidi nianze upya, na upya sina. Nikainua mkono niipige simu kofi.

Ndipo nikaona pazia nyuma yake. Lilikuwa linapepea.

Haikuganda. Alikuwa ananisikiliza.

Nikashusha mkono. Tukakaa hivyo, wazee wawili, siku mbili za basi kati yetu, na pazia lake linapepea mbele ya macho yangu, kila mkunjo. Sijawahi kuona kitu kikifika kizima namna ile.

Halafu akainua mkono wa kulia, polepole, na kile kidole kilichopinda, akajivuta sikio.

Babu yako Masikio.